Daftari Husema Baada ya Mwenyewe



Mji wa Nyeri, chini ya Mlima Kenya, ulianza kama ngome ya askari mwishoni mwa mwaka 1902. Aliyeuasisi ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza mwenye desturi ya kuandika shajara. Mwaka 1957 aliitoa kuwa kitabu, nacho ndicho kisomwacho hadi leo na wenye kutafuta habari za siku zile. Humo asimulia mwenyewe jinsi alivyoamuru watu wa kijiji kimoja cha Kikuyu wauawe, isipokuwa watoto, kwa kulipiza kisasi cha Mzungu mmoja.

Waliouawa hawakuacha daftari. Kilichoandikwa juu yao kimeandikwa na mwenye bunduki, peke yake, pasipo shahidi.

Na kalamu yenyewe imetiwa doa. Baada ya kufa kwake mwaka 1967, wataalamu wa ndege walibaini kwamba aliiba ndege waliokaushwa katika makumbusho, akawaandikia mahali na tarehe za uongo. Tangu hapo hata shajara zake husomwa kwa tahadhari. Ndiyo malipo ya mwandishi mwongo: uongo wake huiponza na kweli yake.

Sasa tuitazame sheria yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Mwenyezi Mungu atuagiza tuliandike, liwe dogo au kubwa, wala tusichoke. Mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. Na asomaye maneno ili yaandikwe ni yule mwenye kudaiwa, wala asipunguze kitu. Zingatieni hekima hiyo. Hakupewa kalamu mwenye nguvu ajiandikie apendavyo. Dhaifu naye amewekewa walii wa kumsemea.

Lakini majumbani mwetu hali ikoje? Baba hufariki, na kabla ya mirathi kugawanywa deni lake lapasa kulipwa. Nani alijua? Mjane huambiwa, "Marehemu alikuwa na fedha zangu," naye hana cha kukubali wala cha kukanusha. Anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na mayatima hula hasara.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale mikesha miwili ila wasia wake umeandikwa. Basi kila nyumba na iwe na daftari moja: tulichokopa, tulichokopesha, amana za watu, na mahari ambayo hayajalipwa, kwani hayo nayo ni deni. Tuweke tarehe, tuwataje mashahidi, na mke ajue lilipo.

Tuandike kama watu ambao kitabu chao kingine kinaandikwa na Malaika, nacho hakibadilishwi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuondoke duniani na hesabu iliyo safi. Amin.