Saa Zinazoamua Mimba ya Ng'ombe

Uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa Nyeri na katika kaunti nyingine za Mlima Kenya mara nyingi huharibika kabla mhimilishaji hajawasha pikipiki yake. Ng'ombe asiposhika mimba, lawama huangukia mbegu au aliyepandisha. Pengine ni ya haki, lakini cha kuchunguzwa kwanza ni saa.

Joto, yaani wakati ng'ombe anapokubali kupandwa, hurudi takriban kila siku 21 na hudumu kama saa 18, mara nyingi pungufu. Yai hutoka saa 10 hadi 14 baada ya joto kwisha, nalo huwa hai kwa saa chache tu. Ndiyo maana ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Kanuni ni nyepesi. Kazi ni kuona. Tetu, Othaya na Mathira mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi hufugwa bandani bila mwenzao wa kuwapanda. Joto likija usiku, kinachobaki asubuhi ni ute mwangavu mkiani na maziwa yaliyopungua kidogo. Damu ikionekana, joto limeshapita. Hapo huandikwa tarehe, na ng'ombe huanza kuchunguzwa upya siku ya 17 hivi.

Huduma ya serikali ilikuwa ikipita barabarani kila siku, wafugaji wakingoja na ng'ombe wao. Baada ya ubinafsishaji wa 1991, kila mfugaji humtafuta na kumlipa mhimilishaji wake, na wengi huchelewa kupiga simu. Kaunti zikipunguza bei ya mbegu hufanya vyema, ila bei nafuu haimrudishi ng'ombe kwenye joto lililopita.

Mbegu nayo ina udhaifu wake. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete, kilichoanzishwa 1946, huihifadhi katika naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ikipungua mtungini, mbegu hufa na mrija wake hauonyeshi tofauti yoyote. Ikishayeyushwa katika maji ya nyuzi 35 hadi 37, baridi ya alfajiri ya mlimani yatosha kuiua. Mhimilishaji makini huficha bomba la kupandishia ndani ya shati mpaka amfikie ng'ombe.

Lishe huamua mengine. Ng'ombe anayekamuliwa sana kwa nepia tupu, bila chumvi ya madini, hukonda, na joto lake hufifia. Baada ya kuzaa huhitaji kama siku 60 kizazi kirudi sawa. Aliyepandishwa mara tatu bila kushika apimwe na daktari wa mifugo kabla ya kununuliwa mrija wa nne.