Bango Likikataliwa, Tuambiwe Limekosa Nini

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango na matumizi ya ardhi, Kenya.

Waheshimiwa,

Kuna barua za kukataa mabango ya matangazo zenye sentensi moja tu: bango haliendani na mandhari ya eneo. Hazisemi ni mandhari ipi, wala kama kosa ni ukubwa, mwanga au mahali. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa aliyekataliwa siku 14 za kuleta rufaa kwenu, nanyi siku 14 za kuiamua. Muda huo unatosha kujibu hoja, hautoshi kuitafuta. Ataishia kuwaletea picha za mabango mengine ya barabara hiyo hiyo, kikao kigeuke cha kulinganisha waliobahatika na waliokosa.

Ombi langu ni kwamba pale barua isipotaja madhara yanayoonekana, rufaa ikubaliwe au faili lirudi kwa afisa aliandikie upya. Kifungu cha 47 cha Katiba tayari kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Huko Uingereza, kanuni za 2007 za kudhibiti matangazo zinambana afisa kwenye mambo mawili, mandhari na usalama wa umma. Hawezi kulikataa bango kwa kuwa haipendi bidhaa inayotangazwa. Chukueni bango la taa lenye upana wa mita 12, lililo hatua chache kabla ya taa za kuongozea magari. Sababu ya kulikataa inajiandika: wekundu wake unachanganyika na wekundu wa kusimamisha magari, na nguzo inamkinga anayevuka asionekane na dereva anayetoka barabara ndogo. Mwombaji akisoma hivyo anajua la kufanya. Atapunguza mwanga usiku, atasogeza nguzo, na pengine rufaa haitafika kwenu kabisa. Kibao cha duka la dawa kilichobandikwa juu ya mlango hakina hata moja kati ya hayo, na kukipa sentensi ileile ni uvivu wa kalamu, mniwie radhi.

Mtasema miji imeshajaa mabango, na kulegeza ni kukaribisha mengine. Mji wa São Paulo, Brazil, uliondoa karibu mabango yote ya nje kwa sheria ya 2006, iliyoanza kutumika 2007. Huo ulikuwa ukali kwelikweli, lakini uliandikwa, ukamhusu kila mtu. Kaunti inayoutaka iupeleke kwenye bunge lake ujadiliwe hadharani, usichomoze faili moja moja. Hoja kwamba mandhari haipimwi kwa rula ina uzito zaidi. Hata hivyo, katika Mji wa Kale wa Lamu, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, afisa hakosi cha kutaja: milango ya nakshi, kuta za matumbawe, vichochoro ambamo bango pana lingeziba nyumba nzima. Ikiwa mtaa mwingine nao una cha kulindwa, kitajwe.

Kwa rufaa zilizo mezani sasa, mtakeni afisa aliyekataa alete mchoro unaoonyesha umbali kati ya bango na makutano ya barabara, pamoja na aya moja ya sababu, kabla pande zote hazijaitwa. Akishindwa, mwombaji asitozwe ada ya pili ya maombi.

Wasalaam,
Mkazi na mlipa kodi