Nani Ana Diski?

Kama ulisoma shule ya msingi Meru ama Embu, diski unaijua. Kipande cha mbao, ama kifuniko cha kopo, na kwa shule zenye ubunifu zaidi, mfupa wa ng'ombe. Kimetobolewa, kimetiwa kamba. Ukiongea Kimeru ama Kiembu unavishwa shingoni, halafu kazi yako inaanza: kumtega mwenzako. Unajificha nyuma ya choo ukisikiliza nani atateleza. Unamkanyaga kidole makusudi ili alie kwa lugha ya mamake. Akilia, umemvisha, uko huru. Jioni mwalimu anauliza nani ana diski, na orodha inaanza kurudi nyuma, kila mtoto akimtaja aliyempa, mpaka yule wa asubuhi. Kisha viboko, vya wote.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu mchezo huu katika Decolonising the Mind, 1986. Kila mtu anakumbuka alichosema kuhusu lugha. Lakini aliona pia kwamba mtoto anafundishwa kuwa usaliti unalipa, na hiyo sehemu tumeiruka kwa miaka karibu 40. Lugha tutaipigania, sawa. Mimi leo nataka kuongea kuhusu hiyo kamba.

Kwa sababu hapo ndipo mtoto anapofundishwa uraia kwa mara ya kwanza. Sahau kile kitabu cha Masomo ya Jamii chenye bendera kwenye jalada. Sahau pia kwamba mtaala mpya umeuweka uraia kati ya umilisi saba wa msingi, na ukaorodhesha upendo, heshima, uadilifu na haki ya kijamii kama maadili ya kufundishwa. Orodha ni tamu. Lakini mtoto hasomi orodha, anasoma watu wazima. Na watu wazima wamemwambia kitu kimoja waziwazi: mchongee mwenzako kwa neno moja la Kimeru, ila mambo makubwa yanayotokea bwenini usiyalete ofisini.

Nilisoma sekondari Embu, shule ya bweni, jina nalibana. Muhula wa kwanza mono walikuwa wanawekwa ndani ya kabati, wanaambiwa wao ni redio. Unapiga mlango, redio inaimba. Unapiga tena, inasoma habari. Wakubwa walicheka mpaka machozi. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mpole, hata mpira hakuwa anacheza, akaenda kwa dep akasema. Jumatatu aliitwa mbele paredi. Tulidhani anapongezwa. Alichapwa kwa "kuchafua jina la shule", na bwenini akapewa jina la mchongezi mpaka alipohama. Ile redio iliendelea kuimba.

Angalia hesabu ilivyo hapo. Ukimchongea mwenzako kwa sababu ya lugha, unatuzwa. Ukimtetea mono, wewe ni mchongezi. Neno ni lile lile, wanachobadilisha ni nani analindwa.

Na usiniambie haya ni mambo ya vishule vya mashinani. Mwaka 2017 habari za uonevu zilitoka Alliance, shule ambayo nusu ya baraza la mawaziri hupenda kuitaja kwenye wasifu wao. Usiniambie pia ni ukosefu wa sheria. Viboko vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. TSC ina Waraka nambari 3 wa 2010 unaosema mwalimu akijua mwanafunzi amedhulumiwa kingono lazima aripoti ndani ya saa 24, na akinyamaza yeye mwenyewe anachukuliwa hatua. Karatasi tunazo. Tumekosa shule ambayo mtu akisema ukweli anapewa kiti na chai.

Sasa najua jibu. Nimelisikia kwa walimu, kwa wazazi, kwa wajomba wangu wote wawili: watoto wa siku hizi hawana nidhamu, mkiwafundisha kusema-sema wataichoma shule. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtaniambia sina cheti cha kuongelea elimu. Basi tuache mimi. Tuongee kuhusu watu waliokuwa na nidhamu yote mnayoitaka.

St. Kizito, Tigania, Meru. Shule ya mseto. Julai 1991 wavulana walipanga mgomo, wasichana wakakataa kujiunga. Soma hiyo sentensi tena kama mwalimu mkuu. Hawa ndio wanafunzi unaowaombea kila asubuhi: hawagomi, hawavunji dirisha, wanabaki bwenini. Usiku wa tarehe 13 wavulana wakawavamia. Wasichana 19 walikufa, wengi wakikosa hewa na kukanyagana katika bweni walimokimbilia. 71 walibakwa. Baadaye naibu wa mkuu wa shule alinukuliwa na magazeti, ya hapa na ya ng'ambo, akisema wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka tu kubaka.

Hilo "tu" ndilo ninaloliandikia makala hii. Halikuzaliwa usiku ule. Mtu halisemi mbele ya mwanahabari kama hajalizoea, kama kwa miaka hajaona wasichana wakisumbuliwa na kuambiwa wavumilie, wavulana ndivyo walivyo. Wale wasichana walifanya kila kitu ambacho ubao wa sheria za shule uliwaagiza, na shule haikuwa na chochote cha kuwarudishia. Kwa hivyo mtu akiniambia dawa ni nidhamu, namuuliza: zaidi ya ile ya wasichana wa St. Kizito? Kiasi gani?

Meru hiyo hiyo ina hadithi nyingine, na inaniuma kwamba nilimaliza shule bila kuisikia. Karibu miaka 22 baada ya St. Kizito, wasichana wadogo, wa kati ya miaka 5 na 15, waliipeleka polisi mahakamani. Walikuwa wamenajisiwa, wameripoti, na kituoni wakapuuzwa. Wakisaidiwa na Ripples International, shirika lenye makao ya watoto hapo Meru, wakafungua kesi Mahakama Kuu ya Meru. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau akaamua kwamba polisi, kwa kutochunguza malalamiko yao haraka na ipasavyo, walivunja haki zao za kikatiba, na akaamuru wachunguze. Wanaoifuatilia wanaiita kesi ya wasichana 160.

Mtoto wa miaka mitano ameishinda polisi ya Kenya kortini, mjini Meru, na sisi bado tunafundisha uraia kwa kuchora nembo ya taifa na kupaka rangi simba wawili. Hiyo kesi ingekuwa somo la kwanza kutoka Maua hadi Siakago. Lakini ukimfundisha mtoto kwamba wasichana wadogo waliishtaki serikali wakashinda, kesho atauliza pesa za maziwa zilienda wapi. (Juni 2024 watu wazima walishangaa sana, eti hawa watoto ujasiri wameutoa wapi. Si paredi, nawahakikishia.)

Tena kuna huu wema wa kupigwa picha. Muhula ukikaribia kuisha, wanafunzi wanavaa glavu, wanaokota karatasi Gakoromone, mwalimu anapiga picha, alama zinaingia. Sina neno na kuokota takataka. Lakini darasani kuna dawati lililobaki wazi tangu mwenye hilo dawati aende kuchuma miraa Igembe, ama muguka huko Mbeere, na hakuna aliyetumwa kwao kuuliza. Huyo hana alama kwenye mradi wowote.

Basi walimu wakuu wa Meru na Embu, na nyinyi wazee wa bodi mnaokula kuku siku ya mkutano, ninachotaka si kingi. Diski zitolewe shingoni mwa watoto Jumatatu hii, zitupwe Rupingazi. Mwanafunzi anayeripoti uonevu asisimamishwe paredi, hata kwa kupongezwa, kwa sababu usiku atalala na wale aliowataja. Na kuna simu ya bure ya watoto, 116. Imebandikwa kwenye kuta za shule nyingi, na kwenye shule hizo hizo mwanafunzi akipatikana na simu anatumwa nyumbani. Wekeni simu moja mahali ambapo dep haoni nani anapiga. Wala haihitaji bajeti, kabati la ofisi limejaa zile mlizonyang'anya.