Kabla ya Kulaumu Asili ya Mgonjwa

Kwa muda mrefu imefundishwa kwamba saratani ya matiti ya mwanamke Mwafrika ni kali kwa asili, haina vipokezi vya homoni, na kwa hiyo vidonge vya tamoksifeni havimfai. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa aina isiyo na vipokezi huonekana zaidi kwa wanawake weusi kuliko weupe. Lakini imebebeshwa mzigo usio wake.

Mwaka 2014 jarida la PLoS Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti za Afrika. Pale ambapo vinyama vilipimwa vikiwa vipya, karibu wagonjwa 6 kati ya 10 kusini mwa Sahara walikuwa na vipokezi vya estrojeni. Pale ambapo vilitolewa katika makabati ya maabara baada ya kuhifadhiwa, idadi ilipungua. Sehemu ya kile kilichoitwa tofauti ya rangi ilikuwa tofauti ya utunzaji wa kinyama.

Chicago nayo inatoa ushahidi wake. Mwaka 1980 wanawake weusi na weupe wa jiji hilo walikufa kwa saratani ya matiti kwa viwango vinavyolingana; kufikia 2003 vifo vya weusi vilikuwa juu kwa asilimia 68. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 23. Kilichobadilika ni huduma, iliyoboreka kwa wengine ikawapita wengine.

Kutoka Songea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro. Familia nyingi huuza mahindi ya msimu ili mgonjwa apande basi. Kinyama, hata hivyo, kinaweza kusafiri bila mgonjwa, mradi kimeandaliwa vema. Kinapaswa kuingia katika fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kikatwe, dawa hiyo iwe walau mara kumi ya ujazo wake, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Titi zima lililoondolewa lipasuliwe vipande kwanza, la sivyo fomalini haifiki ndani, na kiini huoza huku ngozi ikionekana salama. (Chupa ya maji ya kunywa yenye mdomo mwembamba haifai: kinyama kikishakakamaa hakitoki.) Saa ya kukata na saa ya kutumbukiza ziandikwe kwenye fomu.

Mzigo ukilala wiki nzima ukisubiri gari la kwenda Mbeya au Dar es Salaam, jibu la vipokezi linaweza kurudi likisema havipo ilhali vilikuwepo. Mwanamke huyo atanyimwa kidonge cha bei nafuu, cha kumezwa nyumbani kila siku kwa miaka mitano, ambacho hupunguza vifo kwa takribani theluthi kwa wenye vipokezi. Nani atajua kosa lilitokea wapi? Faili litasema tu kwamba saratani yake ilikuwa kali.

Watasema wanawake wa Ruvuma huchelewa kuja. Ni kweli kwa wengi, na uvimbe usiouma hudanganya. Ila ucheleweshaji wa mgonjwa hauhalalishi ucheleweshaji wa hospitali. Shirika la Afya Duniani limeweka siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni hadi ugonjwa utambuliwe. Kila hospitali ya mkoa yaweza kuzihesabu siku hizo kwa daftari na kalamu, na kuzisoma hadharani katika kikao cha kila mwezi, mganga mfawidhi akiwepo.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza maswali matatu: kinyama kimechukuliwa lini, majibu yatatoka lini, na je, vipokezi vimepimwa? Apewe nakala ya majibu mkononi kabla ya kupewa rufaa.