Neno Lililotamkwa Kaloleni

Bila shaka umewahi kupita karibu na Ukumbi wa Kaloleni ukielekea mpirani City Stadium. Je, umewaeleza wanao yaliyosemwa humo Jumapili ya Aprili 23, 1950?

Siku hiyo, wakati wengi waliomba tu viti zaidi barazani, Makhan Singh alisimama mkutanoni akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki.

Mzaliwa huyu wa Punjab aliingia Kenya mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 13, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji cha babake. Alikuwa mkomunisti, wala hakuficha. Mwaka 1935 aliongoza chama cha wafanyakazi Wahindi kufungulia milango watu wa rangi zote. Mwaka 1949, yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama vya wafanyakazi Afrika Mashariki.

Neno la Kaloleni lilimponza. Mei 15, 1950 alitiwa mbaroni pamoja na Kubai. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol, asiachiliwe hadi Oktoba 1961.

Uhuru ulipopatikana 1963, hakupewa cheo. Alishika kalamu, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, iliyotoka 1969. Alifariki Mei 1973.

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Singh alicheza kwao, hakutunzwa. Au tulidhani hapa si kwao? Mzazi, swali hilo lijadilini mezani leo.