Mtoto wa Lugha Mbili na Ndimi za Wakubwa

Mtu wa pwani ahamiapo Kericho au Bomet kwa ualimu, kazi ya serikali au biashara, hukuta baridi, mvua na mashamba ya chai yasiyo na mwisho. Wenyeji wake ni Wakipsigis, ambao lugha yao si ya Kibantu wala haina udugu na Kiswahili. Mkubwa aweza kukaa huko miaka kumi asijue zaidi ya "chamgei" na "kongoi". Mtoto hahitaji muda huo. Huenda kucheza na wenzake akarudi na lugha.

Hapo wazazi wengi huingiwa na hofu. Wadhani Kiswahili cha mtoto kitaharibika, na kwamba akienda Mombasa au Lamu kwa Idi bibi zake watamcheka. Basi humkemea: "Usituletee kilugha humu ndani!"

Sisi twaona hilo ni kosa. Lugha ya pili haiifukuzi ya kwanza. Kiswahili cha mtoto hufa pale mzazi anapoacha kumsimulia hadithi, kumtegea vitendawili na kumfunza kuamkia wakubwa. Tena tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera ya elimu ya Kenya imetaka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo lilipo shule. Shambani Bomet, mtoto asiyejua Kikipsigis huketi darasani kama bubu.

Lakini liko jambo zito kuliko lafudhi. Mtoto wa lugha mbili husikia maneno ya pande zote mbili.

Nje aweza kuitwa "doadoa". Neno hilo ni la Kiswahili chetu wenyewe, lakini katika Bonde la Ufa lilifanywa jina la kila asiye mwenyeji, kana kwamba ni baka katika nguo safi. Wanasiasa walilitia sumu. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na wafanyakazi wa makabila mengine walifukuzwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Kweli, wenyeji nao wana machungu yao, kwani ardhi hiyo ya chai walinyang'anywa na wakoloni. Lakini mtoto hakumnyang'anya mtu shamba, na neno hilo likitupwa mchezoni kwa mzaha, hulibeba hadi kitandani.

Kisha mtoto huyo huyo aingia nyumbani, amsikia baba yake akiwaita majirani "washenzi" na "hawa wabara". Majirani hao ndio wazazi wa rafiki aliyeachana naye mlangoni sasa hivi. Aelewa matusi yote mawili. Amtetee nani?

Wala watu wa pwani tusijifanye wasafi. Mnamo Agosti 1997, huko Likoni, watu wa bara waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Na Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" lilikuwamo pamoja na "wakuja" na "wabara waende kwao". Neno tulialo nalo Kericho na neno tutamkalo barazani kwetu yaliwekwa katika orodha moja.

Kwa hiyo twawashauri wazazi walioko huko. Semeni Kiswahili fasaha nyumbani, tena bila haya. Mwacheni mtoto ajifunze Kikipsigis, na akija na neno jipya muulizeni maana yake, nanyi mjifunze. Akitukanwa, asiambiwe anyamaze. Mzazi na amshike mkono, waende pamoja kwa mwalimu au kwa mzee wa mtaa, jambo lisemwe kwa adabu na likemewe.

Qur'ani, katika Sura Ar-Rum, yatukumbusha kwamba kutofautiana kwa ndimi na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Anayemfundisha mwanawe aya hiyo jioni, kisha asubuhi akamwita jirani mshenzi, ajue kwamba mtoto amemsikia mara zote mbili.