Friji na Lita Zake
UPENUNI na Mwanahamisi Kombo

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo uulizie friji, utajibiwa kwa lita na milango. "Hii lita mia mbili, hii milango miwili, dada." Mnunuzi naye anauliza bei, na kama inakula sana umeme. Upana hautajwi, kina ndiyo kabisa. Jioni guta linasimama nje, vijana wanashusha boksi, na hapo ndipo inagundulika kwamba mlango wa jikoni una uwazi wa sentimita 68 wakati upande mwembamba wa friji una 71.

Ndiyo maana friji nyingi za mjini zinaishi sebuleni, pembeni ya televisheni, zimetandikwa kitambaa cha kufuma. Wapo wanaoiweka pale kwa kupenda, mgeni aone na soda iwe karibu. Hao sina ugomvi nao.

Hata ikipita, kuna fundi wa makabati. Huyu huacha pengo la sentimita 60 kwa friji ya 60, kisha anajisifu kwamba imekaa kama imezaliwa hapo. Joto linalotolewa kwenye nyama na maji sharti litokee mahali: kwenye mabomba ya nyuma au, kwa nyingi za siku hizi, ubavuni. Gusa ubavu wake ikiwa kazini, utausikia una moto. Ukiibana, kompresa haipumziki, na jikoni kwa Dar es Salaam mwezi Januari kuna joto la kutosha tayari. Units za LUKU zinakwenda, mama mwenye nyumba anawafokea watoto kwa kufungua fungua mlango. Kitabu cha maelekezo kinasema nafasi ya kuacha nyuma, ubavuni na juu, ila kimo ndani ya boksi, na boksi hufunguliwa pesa ikishalipwa.

Mlango nao una mambo yake. Friji ikigusana na ukuta upande wa bawaba, mlango unaishia nusu. Chupa ya maji utaitoa, lakini droo ya mboga kule chini haichomoki, mchicha unautoa kwa vidole. Baadhi ya friji bawaba zake huhamishika upande wa pili, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Na ile gadi ya kukinga umeme unaporudi kwa kishindo, soketi ikiwa nyuma, inaisukuma friji mbele kwa upana wa kiganja. Hilo fundi hakulipima.

Wenye maduka, bei mnaiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi mnayobandika mlangoni. Ongezeni namba tatu: upana, kimo, na kina pamoja na kishikio. Ya nne, kina mlango ukiwa wazi, aiandike muuzaji anayetaka nirudi kwake.